Meli iliyoelekea kimbungani

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Macalder, Nyatike, mbele ya wavuvi, wenye boti na viongozi wa BMU



Mazungumzo ya leo yanahusu meli. Si boti ya omena wala feri, bali meli ya mizigo yenye urefu wa mita 240 hivi. Viwanja viwili vya kandanda vikiwekwa mwisho kwa mwisho, bado havitoshi kuifunika. Iliitwa El Faro, na kwa Kihispania jina hilo ni mnara wa taa, ule unaowaonyesha mabaharia njia usiku. Iliundwa Marekani mwaka 1975. Kazi yake ilikuwa kupeleka kontena, matrela na magari kutoka mji wa Jacksonville, jimbo la Florida, hadi San Juan katika kisiwa cha Puerto Rico, kisha kurudi. Safari ile ile, wiki baada ya wiki, kama boti inayokwenda Migingo na kurudi.

Asubuhi ya tarehe 1 Oktoba 2015 meli hiyo ilizama karibu na visiwa vya Bahamas, ndani ya kimbunga kilichoitwa Joaquin. Ilikuwa na watu 33: Wamarekani 28 na Wapolandi watano. Hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani.

Pengine kuna anayejiuliza hapa: ya Marekani yanaihusu nini Nyatike, ambako kimbunga cha bahari hakifiki? Jibu ni kwamba ajali hii ina kitu ambacho ajali za ziwani hazina. Boti ikipotea usiku kati ya Karungu na visiwa, hakuna anayejua nahodha alisema nini, nani alimwonya, nani alinyamaza. Kinachorudi ni mbao, au mtungi wa petroli unaoelea. El Faro ilikuwa na chombo cha kurekodi sauti katika chumba cha usukani. Meli ilipopatikana mwishoni mwa Oktoba 2015, ikiwa imelala kwenye kina cha karibu mita 4,600, wachunguzi hawakukata tamaa; walirudi mara nyingine hadi wakakitoa chombo hicho mwezi Agosti 2016. Ndani yake mlikuwa na saa 26 za mazungumzo. Kwa hiyo dunia nzima iliweza kusikiliza jinsi watu wenye ujuzi wanavyoweza kuelekea kwenye kifo hatua kwa hatua, bila mtu yeyote kutaka kufa.

Nahodha aliitwa Michael Davidson. Alikuwa na umri wa miaka 53, amesomea ubaharia, na alikuwa ameitumikia bahari kwa miaka mingi, zikiwemo safari za majira ya baridi kali huko Alaska. Ni vizuri kulisema hili mapema, kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya namna hii husema haraka kwamba nahodha alikuwa mjinga, au mlevi, au hakujali. Hakuwa hivyo. Alipenda usalama na alizungumza juu yake. Mjinga angekuwa rahisi kumweleza, na mazungumzo haya yangekuwa mafupi.

Aling'oa nanga usiku wa Jumanne, tarehe 29 Septemba, saa mbili na dakika chache. Wakati huo Joaquin haikuwa bado kimbunga. Ilikuwa dhoruba ya kawaida, mbali upande wa mashariki mwa Bahamas. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani walitarajia igeuke kuelekea kaskazini. Haikugeuka. Iliendelea kuteremka kusini-magharibi, ikielekea pale pale ambapo meli ingepita, na kila saa ilizidi nguvu. Asubuhi ya Jumatano ilikuwa imekwisha kuwa kimbunga. Ilipofika usiku ilikuwa imepanda hadi ngazi ya tatu, ambayo upepo wake unapita kilomita 178 kwa saa. Upepo wa namna hiyo haung'oi mabati peke yake. Unang'oa nyumba pamoja na mabati yake.

Kwa haki, wataalamu wenyewe walikosea. Utabiri wa njia ya Joaquin ulikuwa na makosa makubwa kuliko kawaida, na nguvu yake ilipanda haraka kuliko walivyotarajia. Lakini walikuwa wakijisahihisha kila baada ya saa chache na kutuma masahihisho hayo. Hapa ndipo jambo la kwanza kubwa linapoanzia.

Meli ilikuwa na njia mbili za kupata habari za hali ya hewa. Njia ya kwanza ilikuwa maandishi matupu, yakija kwa setilaiti moja kwa moja hadi chumba cha usukani. Hayana picha wala rangi, ni maneno na namba tu, lakini ni ya sasa hivi. Njia ya pili ilikuwa programu ya kompyuta iliyochora ramani nzuri, yenye rangi, inayoonyesha kimbunga kilipo na kinakokwenda. Ramani hiyo ilimfikia nahodha kwa barua pepe. Nahodha aliipenda. Nani asingeipenda? Ukiiangalia unaona kila kitu kwa mara moja.

Tatizo ni kwamba ramani ilichukua saa nyingi kutengenezwa. Ilipofika kwenye meli ilikuwa imeshazeeka, na nahodha alipoifungua ilikuwa imezeeka zaidi. Tena mojawapo ya zile zilizotumwa ilikuwa na kosa: njia ya kimbunga iliyoonyeshwa ilikuwa ile ile ya taarifa iliyotangulia. Kwa hiyo usiku ule, ndani ya meli moja, kulikuwa na vimbunga viwili. Kimoja kilikuwa kwenye karatasi za maofisa wa zamu, karibu na kikali. Kingine kilikuwa kwenye kompyuta ya nahodha, mbali kidogo na kipole kidogo. Cha kweli kilikuwa kile cha kwanza.

Watu wa Nyatike ya chini wanalielewa jambo hili kuliko Wamarekani. Mto Kuja unapovunja kingo na kuingia mashambani, mara ngapi mbingu ya huku imekuwa safi kabisa? Mvua imenyesha Kisii. Mtu anayeangalia anga iliyo juu ya kichwa chake anaona jua, naye anasema mto utapitika. Hasemi uongo. Anasema ukweli wa jana.

Asubuhi ya Jumatano nahodha na afisa wake wa kwanza waliisogeza njia ya meli kusini kidogo, ili kukipa kimbunga nafasi. Jioni waliisogeza tena kidogo. Kulikuwa na njia nyingine kabisa, ya kuzunguka upande wa magharibi na kupita mlango wa bahari ulio kati ya Cuba na Bahamas, ambako visiwa vingeikinga meli. Njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi na ingekula saa kadhaa na mafuta. Haikuwa ngeni kwa Davidson. Mwezi mmoja tu uliopita alikuwa ameitumia kukwepa dhoruba nyingine. Na siku hiyo hiyo ya Jumatano aliiandikia kampuni barua pepe kuhusu kuitumia njia hiyo, ila si kwa safari aliyokuwa nayo. Ilikuwa kwa ajili ya kurudi.

Hilo ndilo linalouma katika habari yote hii. Hatari aliiona. Aliiona vizuri kiasi cha kupanga kuikwepa, lakini akaiweka kesho. Anayekopa anajua hesabu hiyo: deni la leo linaonekana dogo kwa sababu la kesho ndilo lililoandikwa kitabuni.

Saa mbili usiku nahodha aliondoka kwenye chumba cha usukani akaenda chumbani kwake. Hakurudi hadi saa kumi alfajiri.

Katika saa hizo nane alipigiwa simu mara mbili. Saa tano na dakika tano usiku afisa wa tatu, aliyekuwa zamu, alimpigia baada ya kusoma maandishi mapya ya setilaiti. Alikuwa amepiga hesabu: ikifika saa kumi alfajiri, meli ingekuwa maili 22 tu kutoka katikati ya kimbunga. Alimweleza nahodha hivyo, kwa heshima, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa. Nahodha alisikiliza na kumwambia aendelee na njia ile ile. Afisa alikata simu, kisha akaanza kuzungumza na baharia aliyeshika usukani. Kwa maneno yake mwenyewe akajaribu kujituliza: huenda nahodha anajua jambo ambalo yeye halijui.

Saa saba na dakika ishirini ilikuwa zamu ya afisa wa pili, Danielle Randolph, mwanamke wa miaka 34. Naye alipiga simu. Alikuwa na pendekezo kamili: waukate mlango ulio kati ya visiwa, waelekee kusini, waingie ile njia ndefu ya kinga, na mlango wenyewe ulikuwa mbele yao karibu. Nahodha alikataa. Meli iliendelea mbele. Baada ya hapo hapakuwa tena na mlango wa kutokea.

Waliosikiliza kinasa-sauti wanaeleza kwamba maofisa hao wawili walipokuwa peke yao walisema wazi walichofikiri, wakatania hata, kama watu wanavyotania wanapoogopa. Lakini kwenye simu maneno yalilainika. Hakuna aliyemwambia nahodha: njoo juu uone mwenyewe. Hakuna aliyesema: hapa tutakufa. Ripoti ya wachunguzi iligusa hili kwa makini, kwamba maofisa hawakusukuma hoja yao vya kutosha na nahodha hakuwasikiliza vya kutosha. Makosa hayo mawili hayana uzito sawa. Anayeamuru ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi wa kusikiliza, kwa sababu anayesema ana kazi ya kupoteza, na nahodha hana.

Nahodha aliporudi chumba cha usukani saa kumi na dakika chache alfajiri, alikuta upepo unalia na meli inayumba. Alisema hali kama hiyo Alaska ni ya kila siku majira ya baridi. Pengine alitaka kuwatia moyo. Pengine aliamini. Uzoefu wa miaka mingi ulikuwa umemfundisha kwamba dhoruba hupita na meli hubaki, na kweli kila dhoruba aliyoipata kabla ya hiyo ilikuwa imepita.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Upepo uliisukuma meli ikalalia upande mmoja. Kabla ya saa kumi na mbili kasorobo iliarifiwa kwamba maji yanaingia katika ghala la tatu. Kifuniko kidogo cha sitahani kilikuwa wazi, na magari yaliyofungwa ghalani yalikuwa yamekatika na kugongana. Nahodha aliigeuza meli ili upepo uipige upande wa pili, watu waweze kukifikia kifuniko hicho na kukifunga. Walikifunga. Lakini meli ilipohamia kulalia upande mwingine, oili ya injini kuu ilikimbilia upande mmoja wa tangi na bomba likaanza kuvuta hewa. Baada ya saa kumi na mbili, injini ilizimika. Meli isiyo na injini ndani ya kimbunga hujiweka ubavu kwa mawimbi. Wenye boti ndogo mnaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Saa moja asubuhi nahodha alipiga simu nchi kavu. Alipompigia mtu wa kampuni aliye zamu simu haikupokelewa, akapiga kituo cha kupokea simu za dharura. Mhudumu aliyepokea alianza kumwuliza maswali ya fomu, herufi za jina la meli, moja moja. Nahodha alijibu kwa upole, ingawa alisema ni dharura. Saa moja na dakika 13 ilani ya hatari ilitumwa kwa setilaiti. Saa moja na nusu kasoro dakika moja aliamuru kengele ya kuiacha meli ipigwe. Boti za kuokolea zilikuwa za mtindo wa zamani, zisizo na paa. Sheria iliruhusu hivyo kwa sababu ya umri wa meli, na katika upepo ule hazikuwa na faida. Saa moja na dakika 39 kinasa-sauti kilinyamaza.

Katika dakika za mwisho baharia aliyeshika usukani alishindwa kupanda kutoka chumbani, kwa sababu sakafu ilikuwa imegeuka ukuta. Nahodha hakumwacha. Sauti yake inasikika akimhimiza hadi mwisho. Habari hii haisimuliwi ili kumsafisha. Inasimuliwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu mtu aliyekosea jioni anaweza kuwa shujaa asubuhi bila ushujaa huo kumwokoa mtu hata mmoja.

Walinzi wa pwani wa Marekani walitafuta hadi tarehe 7 Oktoba. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ulichukua miaka miwili, na mwezi Desemba 2017 bodi ilitoa uamuzi: chanzo kilikuwa nahodha kutochukua hatua za kutosha kukwepa kimbunga, kutotumia taarifa mpya kabisa za hali ya hewa, na kuchelewa kuwakusanya mabaharia. Bodi haikuishia kwake. Iliitaja kampuni pia, kwa kuwa na mpango dhaifu wa usalama. Ofisini hapakuwa na mtu aliyekuwa akifuatilia dhoruba kwa niaba ya meli. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba kampuni ilimlazimisha nahodha kusafiri. Lakini pia hakuna aliyempigia simu kumwambia: ukichelewa siku moja, hakuna atakayekulaumu. Bodi ilitoa mapendekezo 53. Mengi ni ya meli kubwa, hayatawahusu watu wa hapa. Machache yanawahusu sana.

Afrika Mashariki nayo ina orodha yake. Tarehe 18 Julai 2012, wakati wa kusi, feri ya MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kuelekea Zanzibar. Upepo ulikuwa mkali na bahari imechafuka. Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa na nchi kavu, ya jimbo la Washington, si kwa mkondo wa Zanzibar katika mwezi wa Julai. Ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, na zaidi ya watu mia moja walikufa au hawakuonekana tena. Na humu humu ziwani, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, Uganda. Ilikuwa na watu kupita kiasi, haikuwa na leseni, na ziwa lilikuwa limechafuka. Waliokufa walipita 30. Tofauti na hiyo, mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, feri za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Abiria walilalamika, kama wanavyolalamika siku zote, na siku chache baadaye walisafiri.

Sasa turudi Nam Lolwe.

Ziwa Victoria halina kimbunga cha kupewa jina, kinachofuatiliwa kwa siku tano. Dhoruba yake ni ndogo, ya haraka, na huja usiku. Sababu yake si siri. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawingu hujikusanya juu ya milima. Ndiyo maana mvua za alasiri hupiga Kisii na Migori mjini wakati ufuo una jua. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na upepo huanza kutoka pande zote za ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania, kwenda kukutana katikati. Unapokutana hauna pa kwenda ila juu. Mawingu ya radi huota hapo usiku wa manane hadi alfajiri. Wingu likianza kumwaga mvua, humwaga pia upepo baridi unaoshuka kwa kishindo na kutawanyika juu ya maji. Huo ndio upepo unaopindua boti, na hufika kabla ya mvua.

Angalieni saa hizo. Ndizo saa za omena. Boti hutoka magharibi, hasa giza la mwezi, taa zikawashwa, nyavu zikashushwa, na kurudi alfajiri. Hakuna kazi nyingine katika kaunti hii inayomweka mtu mahali pa hatari kwa saa zile zile ambazo hatari huamka. Mkulima wa tumbaku au wa mahindi hakutani na radi shambani usiku wa manane. Mchimbaji wa Macalder naye anajua siku ya kutoshuka shimoni, kuta zikiwa zimelowa.

Kwa hiyo nahodha wa boti ya omena huamua kama Davidson alivyoamua, ila yeye huamua karibu kila jioni, akiwa ufuoni, na petroli imekopwa, na akina mama wanaonunua wameshalipa sehemu ya pesa. Mwenye boti hayupo. Yuko nyumbani, au Migori, au Nairobi. Hajamwambia aende. Hajamwambia asiende. Kimya hicho kina maana, na vijana wanaijua maana yake, kwa sababu boti isiyotoka leo huenda ikapewa mtu mwingine kesho. Wenye boti mliopo hapa, neno la kuwaambia manahodha wenu halina gharama: usiku mmoja uliopotea kwa hali ya hewa hautahesabiwa. Mliseme kabla ya giza la mwezi ujao, na mliseme mbele ya wafanyakazi wote, si kwa nahodha peke yake.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa ziwa unaoeleza upepo na mawimbi. Huenda ukafika kwa redio, au kwa simu kupitia vikundi vya BMU. Unapoupokea, kitu cha kwanza cha kusoma si upepo. Ni saa uliyotolewa. Ujumbe unaosambazwa na marafiki huweza kuwa wa juzi. Davidson alikuwa na ramani nzuri kuliko utabiri wowote unaofika Sori, na ilimwua kwa sababu ilikuwa ya zamani. Ofisi ya BMU yenye ubao inaweza kuandika utabiri kwa chaki, pamoja na saa yake, na kufuta wa jana. Kufuta ni muhimu sawa na kuandika.

Halafu kuna kijana anayeshika taa. Yeye ndiye anayekaa akitazama nje wakati wengine wanavuta wavu, kwa hiyo mara nyingi huona umeme wa kwanza upande wa magharibi. Lakini ni mdogo, na nahodha ni mzee wake, pengine ni baba yake mdogo. Malezi mema yanamwambia anyamaze. Njia ya kuyaheshimu malezi hayo na bado kuokoa boti ni kukubaliana ufuoni, kabla ya kutoka: umeme ukionekana upande fulani, au upepo ukipoa ghafula na kugeuka, wavu unavutwa na boti inarudi, hata kama aliyeona ni mdogo kuliko wote. Hapo kijana habishani na mzee. Anakumbusha tu alichokisema mzee mwenyewe.

Jaketi za kujiokoa zivaliwe. Wengi wanazo, nazo hukaliwa kama mito kwa sababu zina joto na huzuia mikono wakati wa kuvuta. Malalamiko hayo ni ya kweli, na wanaouza jaketi nene za watalii kwa wavuvi wanastahili kuyasikia. Lakini kwenye El Faro amri ya kuwakusanya watu ilichelewa hadi meli imelala ubavu, na mtu hawezi kutafuta jaketi kwenye boti iliyokwisha kupinduka. Kama haiwezekani kuivaa usiku kucha, ivaliwe tangu umeme wa kwanza.

Tena majina yaandikwe. Kila boti inayotoka iache kwa BMU idadi ya watu, majina yao, upande inakokwenda na saa ya kurudi. Boti ya El Faro ilipokosekana, dunia ilijua kwamba ni watu 33 na ilijua pa kuanza kutafuta. Huku mara nyingine msako huanza saa sita mchana, baada ya mama fulani kugundua kwamba uji umepoa. Simu iwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na namba 999 na 112 zijulikane na kila aliye botini, si nahodha tu. Anayepiga aseme kwanza mahali alipo, kisha idadi ya watu. Jina la boti linaweza kusubiri.

Mazungumzo yanaishia hapo. Kuna nusu saa ya maswali kabla ya walio mbali kuanza safari. Wa kwanza kusikilizwa watakuwa vijana wa taa, kisha manahodha; wenye boti watazungumza mwisho.